Namba ya Nani Hii?

Msikilizaji, kama umri wako unaruhusu, utazikumbuka kadi za salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako na mtaa wako, unawataja watu wako mmoja mmoja, shemeji yuko Tabora, rafiki yuko Kigoma, na mwisho unamalizia na "wote wanaonifahamu". Unaipeleka posta, au unampa mtu anayekwenda mjini. Kisha unakaa na redio yako unategea. Siku mtangazaji akilisoma jina lako, hata muuza genge anakusalimu kwa heshima.

Watu waliwacheka sana mashabiki wa salamu. Walisemwa kwamba hawana kazi ya kufanya. Ila wale mashabiki, kwa kusikiana hewani kila wiki, walianza kutafutana. Wakaunda vyama vya salamu, huku kwetu na kwa jirani zetu Kenya, vikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wakatembeleana. Mwenzao akifiwa, walifika na rambirambi mkononi, na wengine ndiyo siku hiyo walikuwa wanaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Mtu alikuwa anajulikana kwa jina na mtaa, basi, na hiyo ilitosha.

Leo kazi hiyo inafanywa na simu. Tunachangia mgonjwa kwa WhatsApp, tunatafuta mtoto aliyepotea kwa Facebook, asasi ndogo za vijana na akina mama zinafungua kurasa Instagram, na kila semina ya asasi za kiraia lazima iwe na mada ya matumizi ya mitandao ya kijamii. Mtoa mada huanza na idadi ya wafuasi. Ukurasa wenu una wafuasi wangapi, picha yenu imependwa na wangapi, imesambazwa mara ngapi. Mimi tangazo la kuomba msaada likinifikia huwa naanza kulisoma kutoka chini, kule kwenye namba ya simu, najiuliza: namba ya nani hii? Nikipiga, nani atapokea? Na atanijua, au nitamjua? Ukifuatilia mambo yaliyofaulu kwa njia ya mitandao katika ukanda wetu huu, utakuta swali hilo lilikuwa na jibu.

Chukua Lanet Umoja, nje kidogo ya mji wa Nakuru, Kenya. Mwaka 2011 chifu wa pale, Francis Kariuki, alianza kutumia Twitter kuzungumza na watu wake. Kwa Wakenya, chifu ni ofisa wa utawala, ana ofisi, ana baraza, na watu wa eneo lake walikadiriwa kuwa 28,000. Mwanzoni mwa mwaka 2012 habari zake zikaenea duniani. Alfajiri moja, karibu saa kumi, wezi walikuwa wamevamia nyumba ya mwalimu. Chifu akapigiwa simu, akaandika ujumbe mfupi Twitter, na majirani wakatoka wakakusanyika nje ya nyumba ile. Wezi wakakimbia.

Kisa cha wezi ndicho kilichowavutia waandishi wa habari wa nje. Kwangu mimi kisa kizuri zaidi ni cha kondoo. Kondoo wa mtu alipotea. Chifu akatangaza: rangi yake ni hii, kamba iliyomfunga shingoni ni ya namna hii, ni wa familia fulani. Kondoo akapatikana. Hebu fikiria ofisi ya serikali inatumia mtandao wa kimataifa, ule ambao marais huutumia kutoleana maneno, kumtafuta kondoo. Hapo ndipo chifu yule alipoonyesha kwamba anaielewa kazi yake. Mtu aliyesaidiwa kumpata kondoo wake leo, kesho ukimwita kwenye kikao cha amani anakuja bila kusukumwa.

Sasa utaniuliza, wakulima wa Lanet mwaka 2011 walikuwa na simu janja? Wengi hawakuwa nazo. Walikuwa na vitochi. Lakini wakati ule Twitter ilikuwa na huduma ya ujumbe mfupi wa kawaida. Mtu alituma ujumbe mmoja kwenye namba fupi, na kuanzia hapo kila alichoandika chifu kilimfikia kama meseji, bila bando na bila akaunti. Kwa hiyo akaunti ya chifu ilionyesha wafuasi mia chache tu, na bado habari ilikuwa inafika kwenye maelfu ya masikio, maana anayepokea meseji alimwambia jirani, na jirani akamwambia wa duka. Mtoa mada wetu wa semina angeiangalia akaunti ile angesema, chifu, unahitaji kuongeza wafuasi.

Sisi Watanzania hatupaswi kushangaa sana. Mjumbe wa nyumba kumi tunamjua tangu zamani, na Kenya walipoanzisha mpango wao wa Nyumba Kumi mwaka 2013 walisema wazi kwamba wameuiga kutoka kwetu. Chifu Kariuki alikuwa mjumbe mwenye spika kubwa. Watu walimwamini kwa sababu walijua anapokaa. Wangeweza kwenda ofisini kwake kumwambia, chifu, jana umetangaza uongo.

Jambo la pili ni la mwaka huohuo wa 2011. Ukame ulikuwa umeipiga Pembe ya Afrika, na kaskazini mwa Kenya, hasa Turkana, watu walikuwa na njaa ya kutisha. Mwishoni mwa Julai ikaanzishwa kampeni ya Kenyans for Kenya. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, wakfu wa Safaricom, wakfu wa benki ya KCB na vyombo vya habari walikaa meza moja wakasema: tunataka shilingi milioni 500 za Kenya, ndani ya wiki nne. Mtu alituma kwa M-Pesa alichonacho, hata shilingi kumi. Lengo lilipitwa. Mitandao ilichochea sana, vijana walikuwa wanatambiana nani katuma na nani bado, lakini tazama walioitisha. Msalaba Mwekundu ndio waliokuwa na malori, na maghala, na watu waliokwishafika Turkana kabla ya kamera. Kiasi kilitajwa. Muda ulitajwa. Mtoaji alijua lini achoke.

Na hapa kwetu tunalo funzo la upande wa pili. Baada ya tetemeko la ardhi la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, nchi nzima ilichanga. Mwezi huohuo Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa viongozi wawili kwa madai kwamba imefunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Siingii kwenye mashauri ya watu. Nakumbusha tu jinsi michango inavyoweza kupoa kwa siku moja. Uliza katika baa yoyote, au kwenye kibaraza chochote cha kahawa, kwa nini fulani hachangii majanga. Atakwambia, "Zile za Kagera zilikwenda wapi?" Miaka imepita na swali bado liko palepale.

Sasa tushuke kwenye grupu la WhatsApp, maana ndiko wengi wetu tunakofanyia kazi za jamii bila kuziita hivyo.

Grupu la mchango unalijua. Linaanza na ujumbe mrefu wenye herufi kubwa: HABARI ZA MUDA HUU NDUGU, JAMAA NA MARAFIKI. Halafu inakuja orodha. Namba moja, Mama Neema, 20,000, alama ya vema. Namba mbili, Kaka Juma, 50,000, ahadi. Namba tatu, Shangazi wa Morogoro, 10,000, alama ya vema. Kila anayetuma, mweka hazina ananakili orodha nzima, anaongeza jina, anaituma upya. Kufika namba arobaini simu yako imeshalia mpaka umeizima sauti. Katikati wapo wanaoandika "Amina", wapo wanaotuma stika ya maua, yupo anayeuliza swali lililojibiwa juzi, na yupo yule asiyesema lolote ambaye siku moja unagundua: amelefti.

Watu wanaikejeli orodha hii. Wanasema ni kuaibishana. Kuna ukweli humo, nitausema. Mwenye 2,000 anaona haya kuandikwa chini ya mwenye laki moja, hivyo anaamua kutotoa kabisa, na hapo umempoteza mtu aliyekuwa tayari. Wenye busara wanamtumia mweka hazina pembeni, naye anaandika jina bila kiasi. Hata hivyo, katika vyombo vyote vya uwazi nilivyowahi kuviona, pamoja na taarifa za fedha za mashirika makubwa zenye kurasa mia na grafu za rangi, sijaona chenye nguvu kama orodha ile. Kila mtu anamwona kila mtu. Mama Neema akituma 20,000 na ikaandikwa 10,000, dakika mbili baadaye utaona skrinshoti ya muamala imetua kwenye grupu, na mweka hazina anaomba radhi.

Tatizo huanza pesa zikishatimia. Hapo orodha inanyamaza. Mgonjwa kapelekwa hospitali? Alilipiwa kiasi gani? Zilizobaki ziko wapi? Wenye asasi wana neno zuri, mrejesho, wanalitumia kila siku wakizungumza na wafadhili. Grupu la ukoo au la mtaa nalo linadai mrejesho, ingawa hakuna atakayeudai kwa sauti, kwa kuwa mgonjwa anauguzwa na itaonekana roho mbaya. Basi watu hawadai. Wananyamaza, na safari ijayo mkono unakuwa mzito. Mweka hazina mwerevu haombwi. Jioni ileile anapiga picha risiti ya hospitali, anaandika mistari minne: tulipata kiasi hiki, tumelipa hiki, kimebaki hiki, anacho mke wa mgonjwa. Grupu la namna hiyo ukilifungua tena mwaka ujao kwa jambo jingine, watu wanachanga kabla hujamaliza kuandika salamu.

Nimeshasikia wataalamu wakisema kwamba watu wamechoka kuombwa, kwamba kuna uchovu wa michango. Siamini sana. Watu hawahawa wanachangia harusi tangu kikao cha kwanza cha kamati hadi siku ya kuvunja kamati, na wanalalamika huku wanatuma. Kinachowachosha ni kutupa jiwe kisimani wasisikie mlio.

Na asasi zetu je, zile zilizosajiliwa, zenye katiba na muhuri? Hapa nitasema bila kuzunguka. Fungua ukurasa wa asasi nyingi ndogo uone picha. Watu wamekaa ukumbini, nyuma yao bango, mbele yao chupa za maji. Warsha ya siku mbili. Picha inayofuata, ukumbi mwingine, bango jingine, chupa zilezile. Na maelezo yote yako kwa Kiingereza. Sasa mama wa Sengerema ambaye mradi unasema ni mlengwa, akiufungua ukurasa ule, amwone nani anazungumza naye? Hakuna. Ukurasa haukuandikwa kwa ajili yake. Umeandikwa kwa ajili ya mfadhili aliye mbali, ili siku ya kuandika ripoti kuwe na kiungo cha kubandika. Sina ugomvi na mfadhili kupewa ripoti, anatoa fedha na ana haki ya kujua. Ugomvi wangu ni kuita jambo hilo ushirikishwaji wa jamii. Ukitaka kujua kama ukurasa ni wa jamii, soma maoni yaliyo chini ya picha. Kama mtu ameuliza, "Jamani hii dawa ya mbu inapatikana wapi?" na hajajibiwa tangu Pasaka, basi hapo hakuna mtu nyumbani.

Na suala la picha linanipeleka Uganda.

Tarehe 5 Machi 2012, shirika la Marekani liitwalo Invisible Children lilitoa filamu ya dakika 30 hivi mtandaoni, Kony 2012. Ilikuwa inamhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliowateka watoto kaskazini mwa Uganda kwa miaka mingi. Filamu ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Wakati ule hakukuwa na kitu kilichowahi kwenda kasi namna ile. Vijana wa Marekani walinunua vifurushi vya dola 30, ndani mna bangili na mabango yenye jina la Kony, ili kumfanya ajulikane dunia nzima akamatwe.

Wiki iliyofuata, mjini Lira, kwenye eneo lililoumizwa na vita vile, shirika la wenyeji la AYINET lilifunga kiwambo uwanjani, maana watu wengi pale hawakuwa na intaneti, na walitaka kuiona hiyo filamu inayowahusu. Walikuja maelfu. Walikuja waliokatwa midomo na masikio, walikuja wazazi ambao watoto wao hawajarudi. Wakaanza kutazama. Wakamwona Mmarekani na mwanawe mdogo. Wakaona jina la Kony kwenye fulana na mabango kama vile ni mgombea wa kiti. Kony mwenyewe alikuwa ameshaondoka Uganda miaka kadhaa nyuma, na wao walikuwa wanahangaika na mambo mengine, matibabu, ada, ardhi. Hasira zikapanda, mawe yakarushwa, watu wakatawanyika, na maonyesho mengine yaliyopangwa yakasitishwa.

Wapo wanaoitetea filamu ile, kwamba angalau dunia ilisikia. Sawa. Lakini wenye habari walikuwa wa mwisho kuiona habari yao, na walipoiona hawakujitambua ndani yake. Hilo halihitaji Mmarekani. Sisi wenyewe tunalifanya kila siku kwa kipimo kidogo. Mtoto ana uvimbe mkubwa usoni. Anapigwa picha kwa karibu, anarushwa Instagram, anafika kwenye simu za watu laki tatu. Pesa zinapatikana, anatibiwa, anapona, namshukuru Mungu. Miaka kumi baadaye yuko kidato cha pili, na mwanafunzi mwenzake anaikuta picha ile. Nani alimuuliza? Nchini mwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Wakenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Sina hakika ni maadmini wangapi wa magrupu ya michango wamewahi kuzisikia. Hata hivyo mtu hahitaji sheria kujua kwamba barua ya daktari na namba ya mtu wa kuaminika vinatosha, na kwamba picha ya mtoto akiwa amevaa shati lake, anatazama kamera, nayo inaombea vizuri tu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaofungua kurasa hawalisemi. Mitandao hii ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hatumjui. Ile huduma ya meseji iliyomfikisha chifu wa Lanet kwenye vitochi vya wakulima, Twitter waliizima Aprili 2020 karibu nchi zote, kwa sababu za usalama wa akaunti. Mwenye kitochi hakuulizwa. Mtandao wenyewe ukauzwa na kubadilishwa jina, leo unaitwa X. Uganda walifunga Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi mkuu, na asasi iliyokuwa imejenga jamii yake yote pale ikaamka asubuhi haina pa kusemea, isipokuwa kwa wale wenye kujua njia za pembeni. Hapa kwetu, Mei 2025, X nayo ikawa haifunguki kwa njia ya kawaida.

Ndiyo maana nawaheshimu makatibu wa kizamani wenye daftari. Daftari la kaunta, mistari imechorwa kwa rula, jina, mtaa, namba ya simu, namba ya ndugu wa karibu. Mtandao ukizimika, katibu ana kitochi na vocha, anapiga. Asasi yoyote inayotegemea wafuasi elfu kumi lakini haina orodha ya watu mia moja inayoweza kuwapigia, bado haina wanachama.

Nimalizie na damu, kwa sababu tangazo la damu ndilo linaloonyesha mambo haya yote kwa pamoja, tena kwa hatari zaidi.

Linakuja hivi: "Anahitajika haraka mtu mwenye damu group O negative, mgonjwa yuko Muhimbili, hali ni mbaya, tafadhali sambaza kwenye magrupu yako yote." Juu ya ujumbe kuna mishale miwili, maana yake umeshapitishwa mikono mingi. Chini kuna namba. Hakuna tarehe. Hakuna jina la wodi. Unapiga namba, haipatikani. Au inapatikana, na anayepokea ni mtu aliyechoka, anakwambia kwa upole kwamba mgonjwa alishatoka hospitali tangu mwezi wa pili, au anakwambia kwamba walishamzika. Na simu bado zinaingia. Fikiria kwamba wewe ndiye mjane anayepokea simu hizo.

Kila aliyeusambaza alikuwa na nia njema. Ila tarehe tu, tarehe na neno "mwisho Ijumaa", vingeokoa yote hayo. Jina la mgonjwa si lazima. Andika hospitali, andika kundi la damu, andika siku, andika namba ya ndugu mmoja aliyekubali kupokea simu, na damu ikipatikana rudi kwenye grupu uandike "imepatikana, ahsanteni, msisambaze tena". WhatsApp inaruhusu kufuta ujumbe wako kwa wote ndani ya muda fulani. Futa. Na wewe unayeupokea, piga kwanza, ndipo usambaze. Ukiombwa pesa badala ya damu, kabla hujaweka namba ya siri litajitokeza jina la mwenye laini. Lisome. Kama tangazo linasema Mama Asha na laini ni ya kijana usiyemjua, kata, uliza.

Halafu kuna hili ambalo grupu haliwezi kulitatua hata likiwa na watu elfu moja. Damu ya kumwokoa mgonjwa wa usiku wa leo lazima iwe ilishatolewa, ikapimwa, ikawekwa kwenye jokofu, kabla hajaumia. Chembe nyekundu hukaa kati ya siku 35 na 42, kutegemea dawa ya kuhifadhia. Chembe sahani hukaa siku tano tu. Kwa hiyo jokofu linahitaji watu wa kulijaza kila wiki, na hao hawapatikani kwa ujumbe wenye mishale miwili. Wanapatikana kwa kina dada wa kwaya wanaokwenda pamoja, kwa bodaboda wa kijiwe kimoja waliokubaliana, kwa darasa la chuo lenye grupu lake dogo na kiongozi wake anayewakumbusha tarehe.

Kwa hiyo admini unayenisikiliza, una grupu la watu sitini, la mtaa, la msikiti, la kanisa, la waliomaliza shule mwaka fulani. Leo jioni liulize swali moja: nani ana umri kati ya miaka 18 na 65, ana kilo 50 au zaidi, na ana afya njema? Mwanamume anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Mbeya na Mtwara, na hospitali za mikoa nazo zinapokea. Andikeni majina, chagueni Jumamosi, wekeni namba ya mtu mmoja wa kupigiwa. Na iwe namba yako.